Mfuko wa joto wa kubonyeza: miezi 14 kwenye bega la fundi wa viyoyozi

Mfuko huu niliununulia bega la kulia. Miaka 19 ya kubeba kompresa na kupandisha mitambo ya nje ukutani imeliachia maumivu yanayoamka saa ya kulala, hasa siku niliyoshinda mikono juu ya kichwa nikifunga mabomba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia nilipashe joto la wastani kwa dakika 20 kabla ya kulinyoosha. Nyumbani tulikuwa na chupa ya mpira ya maji ya moto, lakini kwenye kazi, juu ya paa la jengo, maji ya moto utayatoa wapi?

Wenye kuujua hawahitaji maelezo. Kwa asiyeujua: ni mfuko wa plastiki nene inayoonyesha ndani, upana wake kama kitabu kikubwa, ndani una kimiminika kisicho na rangi, na ndani ya kimiminika kinaelea kisahani cha chuma kidogo kama kifungo cha koti. Hauna waya wala betri. Unaushika ukiwa na ubaridi wa chumba, unakikunja kile kisahani kwa vidole mpaka kilie "tak", na hapo hapo weupe unaanza kusambaa kutoka kwenye kisahani kama ukungu unaokimbia kwenye kioo. Wangu huchukua sekunde 15 hivi kuwa mweupe wote. Unakuwa mgumu, na unakuwa moto.

Mara ya kwanza binti yangu alikuwa ameushika yeye. Alinitazama akasema, "Baba, mbona umeganda halafu una moto?"

Swali hilo ndilo mfuko mzima. Tumezoea kwamba kilichoganda ni cha baridi, kwa sababu barafu tunayoijua huganda kwenye nyuzi 0. Lakini kuganda kwenyewe, kwa kitu chochote, ni kutoa joto. Maji ndani ya friza yanapoganda yanatoa joto, na kazi ya friji ni kulibeba joto hilo na kulitupa nyuma kupitia kondensa, yale mabomba yake ya kutolea joto. Ndiyo maana ukigusa mgongo au ubavu wa friji iliyotoka kujazwa vitu unakuta pana moto. Ndani ya mfuko huu mna chumvi iitwayo asetati ya sodiamu iliyoshikana na maji yake, na chumvi hiyo haigandi kwenye nyuzi 0. Inaganda kwenye nyuzi 58. Basi ikiganda, joto inalotoa linapatikana kwenye kiwango kinachomfaa binadamu.

Nilimweleza hivyo akaniuliza swali la pili, zuri kuliko la kwanza: kama inaganda kwenye 58, mbona ilikuwa maji kwenye chumba chenye 26? Hapo ndipo ilipo akili ya kifaa hiki. Chumvi hii ikiyeyushwa yote, kisha ikaachwa ipoe taratibu, inapita ile 58 bila kuganda. Inakosa mahali pa kuanzia. Inabaki maji kwenye 40, kwenye 26, hata chini zaidi, wiki nzima au mwezi, mpaka ipate mbegu ya kwanza ya fuwele. Kisahani kikikunjwa kinaipa mbegu hiyo, na zilizobaki zinajipanga nyuma yake.

Joto la namna hii, linaloingia au kutoka bila kipimajoto kusogea, tunaliita joto fiche. Joseph Black alilifundisha Glasgow katika miaka ya 1760, alipoona kwamba barafu inayoyeyuka hula joto jingi bila kupanda hata nyuzi moja. Sisi wa viyoyozi tunalifanyia kazi kila siku chini ya jina pana zaidi, enthalpia, jina linalohusishwa na Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, yule aliyegeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, na mzizi wake ni neno la Kigiriki la kupasha joto. Kwa lugha ya karakana, enthalpia ni nishati yote iliyomo ndani ya kitu pamoja na ile kinayoitumia kujitengenezea nafasi dhidi ya presha inayokizunguka. Yote kwa jumla hatuihesabu kamwe. Tunahesabu tofauti: kitu kilikuwa na kiasi gani kikiingia, na kiasi gani kikitoka. Presha isipobadilika, tofauti hiyo ndiyo joto lenyewe lililopita mkononi mwako.

Kwa hiyo nikaupima mfuko kama ninavyopima mtambo.

Mizani ilisema gramu 640. Chumvi hii hutoa karibu jouli 260 kwa kila gramu inapoganda, kwa hiyo mfuko wangu unabeba kilojouli 166 hivi. Joto hilo lingetosha kupandisha maji ya uzito uleule nyuzi 62. Ni jingi. Ila si lote linalokufikia, na hili sijaona boksi lolote likilisema: mfuko unajilipa wenyewe kwanza. Ukianza ukiwa 26, lazima ujipandishe mpaka kwenye hamsini na kitu kabla hujafaidi, na hapo karibu theluthi ya akiba imeshakwenda. Niliwahi kuuacha kwenye gari usiku wa baridi, asubuhi ukasoma nyuzi 9. Nilipoubonyeza ulifika 49 tu, na uliisha mapema sana. Tangu siku hiyo, wakati wa baridi ninaubeba ndani ya koti, na ninawashauri wenzangu wafanye hivyo. Mfuko ulioanza na uvuguvugu unakurudishia zaidi.

Kisha nikaushindanisha na chupa ya mpira. Nilitia gramu 640 za maji ya moto ndani ya chupa, nikavifunika vyote viwili kwa taulo za aina moja, na kubandika waya za kipimajoto changu cha kazi kati ya taulo na ngozi ya kila kimoja. Chupa ilianza na nyuzi 70. Baada ya dakika 20 ilikuwa 58, dakika 40 ikawa 49, saa moja 43, na saa moja na nusu 37. Mfuko ulianza na 53, ukawa 50, kisha 47, kisha 44, na saa moja na nusu ulisoma 39.

Mtu anayetaka moto mkali wa haraka, chupa inamshinda huyu mdogo, na siwezi kulificha hilo. Lakini zitazame tarakimu kwa jicho la mgonjwa. Chupa ilishuka nyuzi 27 ndani ya saa moja. Mfuko ulishuka 9. Nusu saa ya kwanza chupa haivumiliki bila kuifunga taulo mbili, halafu inapofika mahali pazuri inakuwa imeshaanza kufa. Mfuko unakaa mahali pazuri tangu mwanzo, kwa sababu kila joto linapotoka, chumvi nyingine inaganda na kuziba pengo. Na una dari: ukiubonyeza ukiwa wa baridi hauwezi kuvuka 58 hata ufanye nini, maana hapo ndipo chumvi yake inapoyeyuka. Kwa mzee anayesinzia na kitu cha moto mgongoni, dari hiyo ina thamani kubwa. Hata hivyo nyuzi 53 juu ya ngozi tupu zinaunguza zikiachwa. Kitambaa ni lazima, na mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa kisukari asiuweke miguuni bila mtu wa kumwangalia, kwa sababu hatahisi.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote ni karatasi ya maelezo. Imeandikwa: chemsha dakika 5, kisha uache upoe. Nilifuata. Wiki ya kwanza mfuko uliganda wenyewe mara mbili ukiwa unapoa juu ya meza, nikadhani nimeuziwa kibovu, na nilikuwa tayari kuurudisha. Kosa lilikuwa dakika 5. Dakika hizo zinautosha ule mdogo wa viganjani. Huu wa gramu 640 haziutoshi. Ikibaki punje moja tu ya fuwele, hata ndogo kama chembe ya mchanga, imejificha kwenye kona ya mshono, itakuwa mbegu, na kazi yote inarudi nyuma pale mfuko unapopoa. Ninachofanya ni hiki: natandika kitambaa chini ya sufuria ili plastiki isiguse chuma cha moto, nazamisha mfuko wote ndani ya maji yanayochemka, nauacha dakika 15, nautoa kwa koleo na kuuinua mbele ya taa. Natazama pembe zote nne na kandokando ya kisahani. Nikiona hata alama ya weupe narudisha dakika 5 nyingine. Tangu nianze hivyo, umeganda wenyewe mara moja tu ndani ya miezi 14, na siku hiyo nyundo iliuangukia ndani ya begi la kazi ikakikunja kisahani. Tangu hapo unakaa kwenye kopo gumu la plastiki. Maikrowevu usiifikirie kabisa, ndani mna chuma.

Kuna faida nyingine ya kuchemsha ambayo sikuambiwa na mtu, niliiona kwenye mchoro kabla ya kuiona mkononi. Fundi wa majokofu ana mchoro wake: presha inasimama, enthalpia inalala. Ukiufuata mzunguko wa gesi juu ya mchoro huo, mstari mrefu wa chini, ule wa evaporeta, yaani sehemu ya ndani inayopoza, urefu wake ndio baridi unayopata kwa kila kilo ya gesi inayopita. Nimeuangalia mchoro huo maelfu ya mara. Basi usiku mmoja nikauchora wa mfuko: joto upande mmoja, enthalpia upande mwingine. Nikaona kwamba mfuko ukitoka kwenye sufuria ukiwa karibu 95, njia yake ya kushuka ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kupoa kutoka 95 mpaka ubaridi wa chumba ukiwa bado maji, na katika kipande hicho unatoa karibu jouli 3 kwa kila gramu kwa kila nyuzi moja. Kipande cha pili ni kule kuganda, ambako kunasubiri kidole chako. Watu wengi wanauacha mfuko upoe juu ya meza, na joto la kipande cha kwanza linapotelea hewani, nalo linakaribia wingi wa lile la pili!

Kwa hiyo mimi nachemsha saa mbili usiku. Nauacha upungue mpaka 60, nauvika taulo mbili, nauweka begani ukiwa laini kabisa, unajikunja kufuata mwili kama nguo. Unanipa nusu saa nzuri. Ukishapoa nauweka kwenye kopo lake, na kesho yake juu ya paa nabonyeza na kupata joto lingine kutoka sufuria ileile moja.

Kijana ninayefanya naye kazi alipouona mara ya kwanza aliugeuza huku na huku akaniuliza, "Fundi, hii betri yake iko wapi?" Nikamwambia betri ni jiko la jana. Alicheka, lakini sikuwa natania. Joto la jana usiku limekaa humo hivi hivi, bila kufungiwa ndani ya sponji wala chupa ya chai, kwenye ubaridi wa chumba, bila kuvuja hata chembe. Maji ya moto hayawezi hilo.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenilazimisha kujaribu ndugu yake wa upande wa pili, mfuko wa baridi wa papo hapo. Aliteleza kwenye ngazi akakunja kifundo cha mguu, na ndani ya gari nilikuwa nao mmoja. Huu ndani una punje kavu za yurea, nyingine huwa na amoniamu naitreti, na kifuko kidogo cha maji. Unakipasua kwa kukikandamiza, unatikisa, punje zinayeyuka ndani ya maji, na safari hii kuyeyuka kunakula joto badala ya kutoa. Baada ya dakika moja ulisoma nyuzi 4. Ulitusaidia sana pale. Uvimbe ulitulia na aliweza kushuka. Ila baada ya dakika 15 ulishafika 11, na kazi yake ikaisha. Haurudi tena, unatupwa.

Nyumbani nisingeutumia, na hesabu inaniunga mkono. Ule wa kwangu una gramu 200 zote pamoja, nusu yake punje. Yurea ikiyeyuka hula karibu jouli 250 kwa gramu, na ndani ya maji machache hula pungufu ya hapo. Weka kilojouli 25 kwa mfuko mzima na umeupendelea. Gramu 200 za barafu zikiyeyuka zinakula jouli 334 kwa kila gramu, yaani kilojouli 67 hivi, na muda wote zinakaa kwenye nyuzi 0 bila kupanda mpaka kipande cha mwisho kiishe. Barafu kidogo na maji ndani ya mfuko wa plastiki, taulo katikati, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha. Wa papo hapo ukae kwenye gari na kwenye sanduku la huduma ya kwanza, mahali ambapo friji haipo. Hapo unastahili heshima yake yote.

Barafu, kwa kweli, ndiyo iliyotupa kipimo chetu cha kazi. Mteja akisema anataka kiyoyozi cha tani moja, mara nyingi anadhani ni uzito. Ni barafu: ukiyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kilo 907, ndani ya saa 24, kasi ya joto inayoliwa ni kilowati 3.5, ndizo BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) zilizoandikwa kwenye boksi. Na mteja huyohuyo akilalamika kwamba kiyoyozi "kinakunywa umeme na chumba hakipoi", swali langu la kwanza ni maji mangapi yanatoka kwenye bomba la nyuma. Lita moja kwa saa ina maana kilowati 0.7 hivi za baridi yake zinatumika kugeuza mvuke wa hewani kuwa maji, na kipimajoto hakizioni hata kidogo. Funga madirisha kwanza ndipo uite fundi.

Nimetoka kidogo nje ya mfuko, lakini ni jambo lilelile.

Uimara. Mfuko wa kwanza uliishi miezi 7, ukaanza kuvuja kwenye mshono karibu na kona ambayo nilikuwa naukunja ili uingie begini. Uvujaji wenyewe hautishi: kimiminika kinakauka na kuacha unga mweupe unaofutika kwa kitambaa chenye maji. Ila mfuko uliovuja hauna maisha, maana mbegu za fuwele zinabaki pale penye tundu na unaganda kila ukipoa. Wa pili niliununua wenye mshono mpana zaidi, kama upana wa kidole, na sasa umetimiza miezi 7 vilevile bila dalili. Ukiwa dukani, achana na rangi na picha za boksi. Pinda kona kidogo utazame mshono, halafu upime uzito kwa mkono. Mzito ndio wenye joto. Mwepesi na mpana utapoa kabla hujamaliza kuvaa shati.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya ile karatasi ya maelezo, kwa sababu naamini mifuko mingi mizima inatupwa na watu waliofuata dakika 5 kwa uaminifu. Nimeandika "15" kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko wenyewe, ili hata nisipokuwepo mke wangu au binti aichemshe sawasawa. Sasa, ukiacha ule uliovuja, ipo miwili, mmoja wa mgongo wake yeye mama, mmoja wa bega langu, na usiku inaingia sufuria moja.